Upande Uishe Kwanza

Tulimwita Nesi. Waliompenda walimwita hivyo, na waliomnunia walimwita hivyo hivyo, maana jina lake la ubatizo lilibaki kwenye makaratasi ya wilayani na hakuna aliyekwenda kulitafuta. Alikozaliwa sikumuuliza. Nilipopangiwa kufundisha shule ya msingi nje kidogo ya Karatu, nilipewa chumba kwenye nyumba za watumishi, ukuta mmoja na chake, na kitu cha kwanza nilichojua juu yake ni gitaa lililopita kwenye matofali jioni nikiwa bado nafungua mizigo.

Nilidhani ni redio. Nikasubiri mtangazaji aseme neno, hakusema. Wimbo uliisha, nikasikia mkwaruzo mdogo, kisha kikohozi cha mwanamke, kisha wimbo mwingine ukaanza. Nikaenda kubisha hodi nijitambulishe, kama mgeni mwenye adabu zake. Sauti ikanijibu kutoka ndani:

"Karibu. Kaa hapo kwenye benchi. Upande uishe kwanza."

Nikakaa. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka juu kwenye msitu wa kreta, na mimi nimejifunga kitenge tu kama mtu aliyehamia Tanga. Nilimchukia kwa urefu wa wimbo mzima. Ulipoisha alifungua mlango, akaniangalia kuanzia kichwani hadi kwenye ndala, akasema, "Pole, Mwalimu. Ingia, chai ipo, sukari hakuna."

Ndivyo tulivyoishi karibu miaka kumi: chai ipo, sukari hakuna.

Mashine yake ya santuri ilikuwa ya kubebeka, umbo la sanduku la mwanafunzi wa bweni, na mfuniko wake ndio uliokuwa spika. Alipewa na mke wa meneja wa shamba moja la kahawa ambaye Nesi alimzalisha, mtoto akiwa ametangulia miguu. Walipohama, yule mama alimwachia mashine pamoja na boksi la sahani ndogo, zile za wimbo mmoja kila upande. Nyingine alizinunua mwenyewe Arusha kila alipokwenda kufuata dawa. Zilikuwa nyimbo za dansi za kwetu na za Kilingala, na moja ya kwaya ambayo wakati huo hakuipiga, aliiweka juu kabisa ili mzee wa kanisa akija aione.

Watu walikuwa na utani wao: "Nesi ana sindano mbili, ya kutuliza na ya kuchezesha." Lakini yeye hakucheza. Hilo lilinishangaza mno. Mtu mwenye nyimbo tamu kiasi kile, na sikuwahi kumwona akitikisa bega. Alikaa kwenye kiti cha kamba, viatu amevua, miguu juu ya kigoda kwa sababu ilivimba kila jioni, macho amefumba. Kidole gumba cha mguu wa kulia ndicho pekee kilichokwenda na ngoma. Nilimwuliza siku moja kwa nini hachezi.

"Nicheze saa ngapi? Tangu asubuhi nimesimama. Waliomo humu ndani," akaonyesha mashine kwa kidevu, "waache wanifanyie kazi kidogo na mimi."

Hizo zilikuwa siku za uhaba. Sabuni ilikuwa shida, mafuta ya taa shida, na betri zilikuwa shida kuliko vyote, na ile mashine ilizila kama mgonjwa aliyepona. Nesi hakutupa betri. Asubuhi alizipanga juu ya bati zipate jua, jioni alizishusha zikiwa na uhai kidogo, na kama hazikutosha aliziweka karibu na jiko. Ulijua hali ya betri kwa sauti ya mwimbaji: zikiwa mpya alikuwa kijana, zikichoka alizeeka, na zikikaribia kufa kabisa aliimba kama mtu anayeomba maji. Nesi alimsikiliza vilevile. "Huyu naye kachoka leo," alisema. "Tupo wote."

Betri mpya zilitoka upande wa Kenya kwa njia ambazo mtumishi wa serikali hakutakiwa kuuliza. Alikuwa anazileta Mmasai mmoja wa Ololosokwan, mtu mzima, ambaye Nesi aliwahi kumwokoa mkewe. Aliegemeza fimbo ukutani, akasema "Takwenya," Nesi akaitikia "Iko," halafu mgeni naye, pamoja na umri wake na heshima zake, akakaa kwenye benchi mpaka upande uishe. Siku moja alisikiliza wimbo wa Kilingala hadi mwisho, akauliza:

"Huyu analia nini? Ng'ombe wake wamepotea?"

"Analilia mwanamke," Nesi akamjibu.

Mzee akafikiri. "Basi si shida sana. Nilidhani ni ng'ombe." Halafu akacheka mwenyewe mpaka akakohoa, kwa sababu sote tulijua alivyolia yeye mwenyewe, mkewe alipokuwa taabani.

Hiyo sheria ya upande uishe ndiyo niliyotaka kuieleza, maana bila hiyo huwezi kumwelewa. Haikuwa ya wageni wa chai peke yao. Ilikuwa hata kwa waliokuja kumwita. Mtu anakuja mbio kutoka kwenye kambi za vibarua, jasho linamtoka, "Nesi, Nesi, mama fulani ameshikwa," naye anamwonyesha benchi. Kaa. Na yule anakaa, mguu unamcheza kwa hofu, wimbo unaendelea. Aliyeona mara ya kwanza alidhani mwanamke huyu hana moyo.

Mimi nilikuwa upande wa ndani wa ule mlango, ndiyo maana nilijua kilichokuwa kinafanyika. Wimbo ukiendelea, Nesi alikuwa amekwishasimama. Alivaa viatu, na hilo kwa miguu ile halikuwa jambo dogo. Alinawa mikono, akafungua mkoba, akahesabu vifaa kwa macho, akajifunga kilemba. Upande ulipoisha alikuwa tayari mlangoni, na yule mjumbe alikuwa amepata pumzi.

"Aliyekimbia hawezi kueleza," aliniambia. "Ukimwuliza hapo hapo atakwambia anakufa. Wote wanakufa. Mwache akae, atakumbuka kama maji yametoka, kama mtoto anacheza, kama ni uzazi wa kwanza. Wimbo mmoja, Mwalimu. Hakuna mtoto aliyezaliwa kwa wimbo mmoja."

Alikuwa mkali. Kinamama waliokuja kliniki wakiwa wamechelewa aliwasema mpaka wengine wakalia, akawaita wazembe mbele ya wakwe zao, na bibi mmoja wa Kiiraqw alimwambia wazi kwamba mdomo wake ungefaa kufukuzia nyani kwenye mahindi. Lakini mikono ile ile iliyokuwa inatikisa kadi ya kliniki kwa hasira ilikuwa inashika sahani kwa ncha za vidole, pembeni pembeni, bila kugusa uso wake. Alizifuta kwa pindo la khanga kuukuu aliyoilowesha kwenye maji yaliyochemshwa. Nilimwambia sahani si mtoto mchanga. Akasema, "Ndiyo maana nazipenda. Hazikui zikanijibu."

Kuna sahani moja nitaitaja kwa rangi, kwa sababu kijiji kizima kiliitaja hivyo. Ilikuwa na lebo ya kijani. Wimbo wake ulianza kwa gitaa peke yake, muda mrefu, mpaka ukadhani mwimbaji amesahau kuja, halafu akaingia taratibu kama mtu anayeogopa kuamsha wenye nyumba. Ndiyo aliyoipenda kuliko zote, na watoto wa shule walikuwa wanaipiga mluzi njiani. "Ile ya kijani," tulisema.

Siku mke wa Dereva alipofariki, mimi nilikuwa Mbulu kwenye semina. Dereva aliendesha trekta la shamba la kahawa. Alikuwa mtu wa Singida, mpole, aliyekuja na mkewe na mdogo wake wa kiume kutafuta kibarua. Ulikuwa uzazi wa kwanza wa yule mke. Niliporudi nilikuta amekwishazikwa, mtoto yupo hai kwa mama mmoja jirani, na kijiji kina maneno.

Maneno yalitoka kwa yule mdogo wake Dereva, kwa sababu yeye ndiye aliyetumwa kumwita Nesi. Alisema alifika, akasema mgonjwa anavuja damu, na Nesi akamwonyesha benchi. Akasema alikalishwa pale mpaka ile ya kijani ikaisha. Walipofika kambini, mtoto alikuwa amezaliwa mikononi mwa wanawake wasiojua, na mama hakuwa na damu tena ya kumwaga.

Kila mtu aliamini. Nani asingeamini? Kila mtu alikuwa amekaa kwenye benchi lile. Maneno yalifaa kwenye midomo ya watu kama kiatu cha zamani. Wanawake wakaanza kuteremka na mimba zao kwenda hospitali ya misheni, mwendo mrefu, kuliko kumpelekea yeye. Watoto wakaacha kupiga mluzi ule wimbo, wakawa wanauimba kwa maneno yao, maneno mabaya, na nilichapa mmoja wao darasani. Dereva mwenyewe hakusema lolote. Akikutana na Nesi njiani aliteremsha macho na kupita. Hakumtukana wala hakumsalimia.

Nilimwuliza jioni ile niliporudi. Alikuwa anakatakata sukuma wiki, kisu kinakwenda polepole.

"Nesi, yaliyosemwa ni kweli?"

"Wamekwambia nani alitumwa?"

"Wameniambia."

"Basi amesema aliyetumwa." Akasukuma mboga kwenye sufuria. "Kujitetea nako ni kazi, Mwalimu. Na mimi leo nimeshafanya kazi."

Niliudhika naye. Nilitaka apige kelele, yeye aliyekuwa anapiga kelele kwa kadi ya kliniki iliyochanika. Nilitaka aende kwa mwenyekiti wa kijiji, avue kilemba atupe chini. Alikula sukuma wiki, akaosha sahani ya chakula, akapandisha miguu juu ya kigoda, akapiga santuri. Na mtu alipokuja kubisha hodi, ni kweli ninayosema, nilisikia kupitia ukutani: "Kaa hapo kwenye benchi. Upande uishe kwanza."

Watu walishangaa, wengine wakatema mate. Hata mimi nilimwambia kwamba angeacha kwa muda, angalau kwa ajili ya macho ya watu. Akanitazama kwa yale macho yake mekundu ya kukosa usingizi.

"Nikiacha leo, nimekubali," alisema. "Na kingine, umeona? Siku hizi hawaji mbio. Wanaogopa nitawakalisha, kwa hiyo wanakuja uchungu ukianza tu. Miaka yote nilikuwa nawaomba hivyo, hawasikii. Sasa wamesikia."

Akacheka kidogo, kicheko kisichofika popote. Kitu kimoja tu kilibadilika, nami nilikigundua pole pole. Ile ya kijani haikusikika tena. Sahani nyingine zilizunguka kwa zamu, hata ya kwaya ilipigwa mara moja, lakini ile hapana. Niliwaza ni majuto. Niliwaza labda waliyosema ni kweli.

Miaka ikaenda. Nesi alichoka kama betri zake, akawa anaanikwa juani asubuhi na kuzima jioni. Wanawake wengine walirudi kwake, kwa sababu hospitali ya misheni ni mbali na uchungu hausubiri basi. Walizaa salama, wakasema asante, na mama zao walikaa nje wakimwangalia mkononi. Barua ya kustaafu ilipokuja hakuonyesha furaha wala huzuni. Alisema atarudi kwao akalale.

Jumapili aliyoondoka, shamba la kahawa lilimpa trekta na tela limfikishe stendi, maana basi la Arusha liliondoka alfajiri na alipanga kulala huko mjini. Asubuhi yote tulifunga mizigo. Alasiri palibaki kitanda kisicho na godoro, benchi nje, na mashine ya santuri sakafuni, na boksi la sahani limefungwa kwa kamba ya katani.

Alikaa chini kabisa, sakafuni, mara ya kwanza kumwona hivyo. Akafungua kamba, akachambua, akatoa ile ya kijani.

"Betri zina nguvu kidogo," alisema. "Zisije zikaishia kwenye basi bure."

Gitaa likaanza peke yake, muda mrefu kama zamani. Nikasikia trekta likinguruma nje, likazimwa. Hatua zikaja mlangoni, zikasimama. Ni Dereva, kofia mkononi, mvi zimeanza. Sikujua kama ndiye angetumwa, na nadhani Nesi hakujua pia. Walitazamana. Miaka mingi hawakuwa wametazamana. Nesi hakusema karibu. Aliinua kiganja tu, na Dereva akarudi nyuma akakaa kwenye benchi. Mlango ulikuwa wazi.

Mwimbaji akaingia taratibu, akaimba ubeti wa kwanza. Halafu, katikati ya neno, tukasikia "krak", na wimbo ukaruka. Ubeti wa pili haukuwepo. Sindano ilikuwa imetua mbele, kwenye kiitikio, ikaendelea kana kwamba hakuna kilichokatika.

Niliinama nikaangalia. Juu ya uso mweusi wa ile sahani, aliyoifuta kwa maji ya kuchemsha, palikuwa na mstari mmoja mrefu kutoka katikati ya wimbo kwenda nje, mkwaruzo wa sindano iliyovutwa kwa haraka na mkono usiokuwa na muda. Akilini nilimwona akinyanyuka kwenye kiti cha kamba siku ile, bila kuvaa viatu sawasawa, akiukamata ule mkono wa mashine vyovyote vile. Mara moja tu katika miaka yote hiyo hakungoja upande uishe, na hiyo ndiyo waliyomhukumia.

Nje, Dereva alikuwa amesimama. Anajua mitambo, mtu wa mashine husikia kilichovunjika.

"Nesi," akasema.

Kiganja kikainuka tena. Upande uishe. Akarudi kukaa, na neno lake mdomoni. Nilimwona kupitia mlangoni akikunja kofia na kuikunjua, mguu unamcheza, kama wajumbe wote waliowahi kukaa pale. Kiitikio kikazunguka, sauti ikaanza kuzeeka kwa betri, ikaisha.

Ndipo akaingia. Hakuhema. Alisema taratibu, kila neno mahali pake.

"Nesi, mimi nilikuwa najua. Nilimtuma mdogo wangu watu wakitoka shambani kula mchana. Ulifika ng'ombe wanarudi. Wimbo gani una urefu huo?" Akaikunja kofia tena. "Na aliponijia alikuwa ananuka pombe ya kilabuni. Nilijua siku ile ile."

Nesi aliuinua mkono wa mashine, akaurudisha mahali pake.

"Nilikuwa na mtoto mchanga na ndugu mmoja tu katika nchi hii," Dereva akaendelea. "Ningesema, ningemfukuza. Ningemfukuza, mtoto angebaki na nani nikiwa kwenye trekta? Wewe ulikuwa na serikali. Nikasema moyoni, Nesi ataweza."

"Niliweza," Nesi akasema.

Nilimwambia Dereva maneno ambayo mwalimu hasemi Jumapili. Nilimwambia atoke sasa hivi, aende sokoni, asimame juu ya tela lake aseme aliyoyasema humu, watu wote wasikie kabla huyu mama hajaondoka. Aliitikia kwa kichwa. Aliweka kofia kichwani, kweli alikuwa anakwenda.

"Kaa chini," Nesi alimwambia. Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe, Mwalimu, nyamaza. Mkitaka kusema, semeni nikishaondoka. Sitaki kusindikizwa na watu wenye aibu. Nitalazimika kuwabembeleza, na nimechoka."

Akairudisha sahani kwenye boksi, pembeni pembeni, kwa ncha za vidole.

"Mtoto hajambo?" akauliza.

"Hajambo. Yuko darasa la pili. Mdogo wangu ndiye aliyemfundisha kuhesabu, kabla hajahamia Mang'ola kwenye vitunguu."

"Vizuri." Akanyoosha mkono, Dereva akamwinua. "Shika mashine huko chini. Usishike mfuniko, utaning'olea spika."

Hakukubali iwekwe kwenye tela pamoja na kitanda. Aliketi na kuipakata mapajani mpaka stendi, na Dereva akaendesha trekta polepole kuliko mtu anayekwenda kwa miguu, kila shimo akilikwepa.

Wiki iliyofuata Dereva alisema, mbele ya watu, kama alivyoahidi, na mimi nikaongezea kuhusu ule mkwaruzo. Watu walisikiliza. Wengine waliinamisha vichwa. Kisha mama mmoja aliyezalishwa na Nesi watoto wake wote akavuta khanga yake, akasema, "Maskini. Lakini na yeye alizidi na miziki yake." Wakaitikia, wakatawanyika kwenda kununua mboga, nami nikarudi nyumbani nikakaa kwenye lile benchi.